Pumba Zinazolisha: Jinsi Mwili wa Binadamu Unavyopata Nishati Kutokana na Asidi Mafuta Fupi

1.0 Utangulizi

Katika masomo ya biolojia na sayansi kimu, mwanafunzi hufundishwa kwamba umeng'enyaji wa chakula huanzia kinywani na kumalizikia katika utumbo mwembamba. Utumbo mpana, kwa mujibu wa maelezo hayo, hauna kazi ila kufyonza maji na kuhifadhi kinyesi mpaka wakati wa kukitoa. Nyuzinyuzi za mboga, maganda ya maharage na wishwa wa nafaka hutajwa kuwa ni vitu visivyo na lishe, ambavyo manufaa yake pekee ni kulainisha choo.

Mtazamo huu unaafikiana na lugha yetu ya kila siku. Pumba, kumvi na makapi ni majina ya vitu vinavyopepetwa na kutupwa, au wapewavyo kuku na nguruwe. Mtu anayesema maneno yasiyo na maana huambiwa kwamba anaongea pumba. Hivyo, kabla mwalimu hajaeleza lolote darasani, lugha imekwisha kumfundisha mwanafunzi kuwa kisichomeng'enyeka hakina thamani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mtazamo huo una pengo kubwa. Sehemu ya chakula inayoushinda utumbo mwembamba haipotei yote. Inapofika katika utumbo mpana huchachushwa na bakteria, na mazao makuu ya uchachushaji huo ni asidi mafuta zenye mnyororo mfupi, ambazo katika makala haya tutaziita asidi mafuta fupi. Mwili huzifyonza asidi hizo na kuzitumia kama nishati. Tutaeleza kwanza asidi hizi ni zipi na zinatoka wapi. Kisha tutazifuata katika safari yake kutoka utumboni hadi katika misuli. Na mwisho tutatazama yanayotokea utumbo unapozikosa.

2.0 Asidi Mafuta Fupi ni Nini?

Asidi mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni ambao mwisho wake mmoja una kundi lenye tabia ya asidi. Mafuta ya kupikia, kama vile ya alizeti, pamba au nazi, kwa sehemu kubwa yana minyororo ya kaboni 12 hadi 18. Asidi mafuta fupi zina kaboni zisizozidi sita. Katika mwili wa binadamu, tatu kati yake ndizo muhimu zaidi: asidi ya asetiki, yenye kaboni mbili, asidi ya propioniki, yenye kaboni tatu, na asidi ya butiriki, yenye kaboni nne.

Majina haya yana historia yenye manufaa kwa msomaji wa lugha. La kwanza linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya siki, na kwa hakika asidi hiyo ndiyo inayoipa siki ukali wake. La pili limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "mafuta ya kwanza", kwa kuwa asidi hiyo ndiyo fupi kuliko zote zenye tabia za asidi mafuta. La tatu linatokana na jina la siagi, nayo ndiyo asidi inayosikika katika harufu ya siagi iliyochacha. Basi, vitu hivi tunavyoviona kuwa ni vya maabara vimekuwa vikinuswa na kuonjwa jikoni tangu zamani.

Ndani ya utumbo mpana asidi hizi kwa sehemu kubwa hazibaki katika umbo lake la asidi. Hupoteza chembe ya hidrojeni na kuwa ioni, nazo huitwa asetati, propionati na butirati. Majina haya ndiyo tutakayoyatumia kuanzia hapa.

3.0 Chimbuko Lake: Uchachushaji Utumboni

Mwili wa binadamu una vimeng'enya vya kuvunja wanga wa kawaida, lakini hauna vya kuvunja selulosi, pektini na nyuzinyuzi nyingine nyingi za mimea. Vitu hivyo hupita katika utumbo mwembamba bila kuguswa. Huandamana na aina ya wanga ambayo, ingawa ni wanga, huweza kukwepa umeng'enyaji. Wataalamu huiita wanga sugu. Hupatikana katika ndizi mbichi, katika maharage na kunde, katika nafaka ambazo hazikusagwa laini, na pia katika vyakula vya wanga vilivyopikwa kisha vikapoa. Wanga unapopoa, baadhi ya minyororo yake hujipanga upya na kushikamana kwa namna ambayo vimeng'enya haviwezi kuipenya kwa urahisi. Kwa hiyo kiporo cha wali au cha ugali huwa na wanga sugu mwingi kidogo kuliko chakula kilekile kilipokuwa cha moto, mradi kiwe kimehifadhiwa vizuri kisiharibike.

Katika utumbo mpana mambo hubadilika. Humo mnaishi bakteria wengi mno, na hewa ya oksijeni ni haba. Kwa kuwa hawawezi kuchoma chakula kwa oksijeni kama zifanyavyo seli zetu, bakteria hao hukichachusha. Msomaji anayeifahamu togwa atauelewa mchakato huu bila taabu: viumbe visivyoonekana hula sukari na wanga, hupata nishati kidogo kwa ajili yao, kisha huacha asidi. Tofauti ni kwamba katika togwa asidi kuu ni ya laktiki, ilhali katika utumbo mpana mazao ya mwisho ni asetati, propionati na butirati, pamoja na gesi za hidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani.

Kwa bakteria asidi hizi ni taka. Wameshachukua kilichowafaa, na kilichobaki hawawezi kukichoma bila oksijeni. Binadamu anayo oksijeni, inayoletwa na damu hadi katika ukuta wa utumbo. Kwa hiyo taka ya bakteria hugeuka kuwa kuni kwa mwenyeji wao, na huo ndio msingi wa jambo zima tunalolijadili.

4.0 Safari ya Asidi Tatu Mwilini

Ushahidi ulio wazi kuhusu safari hii ulitolewa mwaka 1987 na Cummings na wenzake nchini Uingereza. Watafiti hao walipima asidi mafuta fupi katika miili ya watu waliofariki ghafla, muda mfupi baada ya kifo. Walichukua sampuli za yaliyomo utumboni, za damu itokayo matumboni kwenda katika ini, za damu itokayo katika ini, na za damu ya sehemu nyingine za mwili. Ndani ya utumbo mpana, katika kila molekuli 100, asetati zilikuwa takriban 57, propionati 22 na butirati 21. Katika damu iendayo katika ini, uwiano ulikuwa 71, 21 na 8. Katika damu itokayo katika ini ulikuwa 81, 12 na 7. Katika damu ya sehemu nyingine za mwili ulikuwa 91, 5 na 4. Jumla ya asidi zote nayo ilipungua kutoka kituo hadi kituo: mikromoli 375 kwa lita kabla ya ini, 148 baada ya ini, na 79 katika damu ya pembeni.

Tarakimu hizi zinaeleza habari nzima. Butirati hupungua sana kabla damu haijaondoka utumboni; propionati hupungua inapopita katika ini; na asetati ndiyo inayofika mbali. Tutazitazama moja baada ya nyingine.

4.1 Butirati: Chakula cha Ukuta wa Utumbo

Seli nyingi za mwili hulishwa na damu. Seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo mpana zinatofautiana na nyingine kwa kuwa chakula chake kikuu hukipata kutoka upande wa pili, yaani kutoka katika yaliyomo utumboni. Mwaka 1980 Roediger alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa seli za utumbo mpana wa binadamu. Alizipa seli hizo butirati na glukosi kwa pamoja, naye akagundua kwamba zilichagua butirati. Sehemu kubwa ya oksijeni zilizoitumia, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 na zaidi, ilikwenda katika kuchoma butirati, na kuwepo kwa butirati kulipunguza uchomaji wa glukosi.

Butirati huingia katika seli kwa msaada wa protini za uchukuzi zilizomo katika utando wa seli. Ikishaingia, huelekea katika mitokondria. Asidi mafuta ndefu haziwezi kuingia humo mpaka zibebwe na kampaundi iitwayo karnitini. Butirati, kwa ufupi wake, haihitaji mchukuzi huyo. Humo ndani huunganishwa na koenzaimu A, kisha hukatwa katikati na kutoa vipande viwili vya kaboni mbilimbili. Vipande hivyo huingia katika mzunguko wa Krebs na kuchomwa hadi vikawa kaboni dioksidi na maji.

Uchomaji huu una faida nyingine isiyoonekana upesi. Seli zinapochoma butirati hutumia oksijeni nyingi, na hivyo oksijeni inayovuja kuingia ndani ya utumbo huwa kidogo. Bakteria watengenezao butirati ni wale wasiostahimili oksijeni. Kwa hiyo wao huzilisha seli, na seli kwa kula huwatunzia wao makazi.

4.2 Propionati: Mali Ghafi ya Ini

Propionati nyingi huishia katika ini. Kwa kuwa ina kaboni tatu, haiwezi kukatwa vipande viwili vilivyo sawa. Ini huiongezea kaboni moja, kwa kutumia kimeng'enya kinachohitaji biotini, kisha huipanga upya kwa kimeng'enya kinachohitaji vitamini B12. Matokeo yake ni kampaundi yenye kaboni nne iliyo sehemu ya mzunguko wa Krebs, na kutoka hapo ini huweza kutengeneza glukosi.

Jambo hili linastahili kuzingatiwa. Asidi mafuta za kawaida, zenye idadi shufwa ya kaboni, haziwezi kumpa binadamu glukosi kwa kiasi cha maana. Propionati inaweza. Kwa ng'ombe na mbuzi, ambao sukari yote au karibu yote ya malisho yao huchachushwa kabla ya kufyonzwa, propionati ndiyo chanzo kikuu cha glukosi ya damu. Kwa binadamu mchango wake ni mdogo, lakini njia inayofuatwa ni ileile.

4.3 Asetati: Kuni za Misuli

Asetati ndiyo iliyo nyingi kuliko zote na ndiyo inayosafiri mbali zaidi. Ini huchukua sehemu yake, na sehemu nyingine huendelea katika damu hadi kwenye moyo, misuli, figo na ubongo. Huko hugeuzwa kwa hatua moja tu kuwa asetili-koenzaimu A, ambayo ndiyo lango la mzunguko wa Krebs. Pale ambapo nishati haihitajiki mara moja, ini na tishu nyingine huweza kutumia asetati kujenga mafuta na kolesteroli.

5.0 Hesabu ya Nishati

Je, yote haya yana uzito gani katika hesabu ya nishati ya mtu kwa siku? Katika kiwango cha seli, nishati hupimwa kwa molekuli za ATP. Molekuli moja ya asetati, baada ya kutoa gharama ya kuiandaa, huleta takriban ATP 8. Molekuli moja ya butirati huleta takriban ATP 22.

Katika kiwango cha mwili mzima, makadirio yanayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba asidi mafuta fupi humpa binadamu kati ya asilimia 5 na 10 ya nishati anayoihitaji. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni kama kilokalori 100 hadi 200. Kiasi halisi hutegemea mlo. Alaye mkate mweupe na nyama atapata kidogo. Alaye maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa atapata zaidi. Kwa ng'ombe mchango huo hufika karibu asilimia 70, kwa sababu bakteria wake wamewekwa mwanzoni mwa njia ya chakula, naye hucheua ili kuwarahisishia kazi. Binadamu si mnyama acheuaye. Bakteria wake wako mwishoni mwa njia, nao hupokea yaliyosalia tu.

Taasisi za kimataifa nazo zimeikubali hesabu hii. Katika ripoti yake ya mwaka 2003 kuhusu nishati ya vyakula, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitumia makadirio ya kilokalori 2 kwa kila gramu ya nyuzinyuzi, yaani nusu ya zile kilokalori 4 zinazohesabiwa kwa wanga na sukari. Kitu chenye nusu ya nishati ya wanga hakiwezi kuitwa kitu kisicho na lishe.

Hata hivyo, umuhimu wa asidi hizi haupimwi kwa kilokalori peke yake. Asilimia 5 ya nishati ya mwili ni kidogo, lakini kwa kiungo kimoja, yaani ukuta wa utumbo mpana, asidi hizo ndizo riziki yenyewe.

6.0 Utumbo Unaponyimwa Chakula Chake

Madai haya yamejaribiwa kwa namna mbalimbali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Donohoe na wenzake, panya waliolelewa bila bakteria wowote walichunguzwa. Seli za utumbo mpana wao zilikuwa na upungufu mkubwa wa nishati, hata zikawa zinajila zenyewe. Zilipopewa butirati, hali hiyo ilirekebika.

Kwa binadamu, hali inayokaribiana na hiyo hutokea baada ya upasuaji ambao huelekeza kinyesi nje kupitia tumboni, na kuacha kipande cha utumbo mpana bila kupitiwa na chochote. Kipande hicho, ingawa damu inaendelea kukifikia, mara nyingi huvimba na kutoa damu. Mwaka 1989 Harig na wenzake waliripoti kuhusu wagonjwa wachache wa aina hiyo ambao uvimbe wao ulipungua baada ya kusukumiwa utumboni mchanganyiko wa asidi mafuta fupi. Majaribio yaliyofuata hayakutoa matokeo yaleyale kila mara, lakini funzo la msingi limebaki: utumbo mpana unaweza kuwa na damu ya kutosha na bado ukawa na njaa.

Jambo la tatu linaugusa moja kwa moja uhai wa watoto wetu. Asidi mafuta fupi zinapofyonzwa, chumvi ya sodiamu hufyonzwa pamoja nazo, na maji huifuata chumvi. Kwa hiyo uchachushaji mzuri humsaidia mtu kubakiza maji mwilini anapoharisha. Mwaka 2000 watafiti wa Vellore, India, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanga sugu wa mahindi uliongezwa katika maji ya chumvi na sukari waliyopewa wagonjwa wa kipindupindu, vijana na watu wazima. Waliopewa wanga huo walipoteza maji machache zaidi, na kuhara kwao kulikoma mapema kuliko kwa wenzao. Mwaka uliofuata, watafiti wa Bangladesh waliripoti kuwa ndizi mbichi zilizopikwa na kuchanganywa katika chakula cha wali ziliwasaidia watoto wachanga waliokuwa na kuhara kwa muda mrefu. Matokeo hayo hayaondoi ulazima wa maji ya chumvi na sukari wala wa kumfikisha mgonjwa hospitali. Yanachoonyesha ni kwamba ndizi mbichi, chakula cha kila siku cha Bukoba, Kilimanjaro na Uganda, huwapa bakteria wa utumboni kitu cha kufanyia kazi wakati ambapo mgonjwa anawahitaji mno.

7.0 Kutoka Afrika Mashariki hadi Maabara

Swali la nyuzinyuzi lina mizizi yake katika eneo letu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, na Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa miaka takriban 30, walibaini kuwa magonjwa kadhaa ya utumbo mpana yaliyokuwa ya kawaida Ulaya yalikuwa nadra kwa wagonjwa waliowatibu Afrika. Walihusisha tofauti hiyo na wingi wa nyuzinyuzi katika mlo, na mwaka 1975 walihariri pamoja kitabu juu ya suala hilo. Maelezo yao yalisisitiza wingi wa choo na kasi yake ya kupita. Maarifa ya leo yanaongeza kuwa nyuzinyuzi hizo zilikuwa pia zikiulisha ukuta wa utumbo.

Kwamba hali hii haitokani na asili ya watu bali na chakula chao kulidhihirishwa na utafiti wa O'Keefe na wenzake uliochapishwa mwaka 2015. Wamarekani wenye asili ya Afrika na Waafrika wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana milo kwa majuma mawili. Butirati iliongezeka takriban mara mbili na nusu kwa Wamarekani waliokula chakula cha kijijini, na ilipungua kwa takriban nusu kwa Waafrika waliokula chakula cha Kimarekani. Majuma mawili tu yalitosha.

Matokeo haya ni onyo kwetu. Katika miji ya Afrika Mashariki, sembe iliyokobolewa huonekana kuwa chakula cha heshima, na dona kuwa chakula cha dhiki. Mtama na ulezi vimeachiwa uji wa wagonjwa na wazazi. Mashine ya kukoboa huondoa pumba, na kwa kufanya hivyo huondoa sehemu ya chakula cha utumbo mpana. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutokana na vyakula vya asili. Kwa mlo wa dona, maharage na mboga za majani kiwango hicho hufikiwa bila shida. Kwa wali mweupe na chipsi, ni vigumu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa utumbo mpana si ghala la uchafu tu. Ni mahali ambapo bakteria hukichachusha kile tulichoshindwa kukimeng'enya, nasi tukaipokea taka yao kama kuni. Butirati hulisha ukuta wa utumbo wenyewe, propionati hulipa ini mali ghafi ya glukosi, na asetati huichochea misuli.

Kwa walimu na waandishi wa vitabu vya kiada, jambo hili lina wajibu wake. Kauli kwamba nyuzinyuzi "hazina lishe" haina budi kusahihishwa, na nafasi yake ichukuliwe na maelezo kwamba nyuzinyuzi ni chakula kinacholiwa mara mbili: kwanza na bakteria, kisha na mwenyeji wao. Lugha ya kuelezea hayo tunayo. Neno uchachu lipo, siki ipo, na togwa ipo katika kila soko. Yaliyobaki ni kukumbuka, kila tunapopeta ungo, kwamba kinachopeperuka nacho kilikuwa sehemu ya chakula.